Makofi kwa Mnyang'anyi

Ukiliacha soko la Karume nyuma yako ukaingia ndani ya Mchikichini, baada ya kuyapita marundo ya mitumba na mafundi cherehani walioinamia kazi zao, huenda ukasikia mlio wa bunduki. Usishtuke. Mlio huo watoka katika banda la video, lile ambalo vijana huliita kibanda umiza. Ndani mna giza na joto, mabenchi yamejaa, na katika kioo yaonyeshwa picha ya kauboi. Treni yaja kwa kasi, watu waliojifunika nyuso kwa vitambaa waisimamisha, abiria wainua mikono. Msimulizi aliyeigeuza picha hiyo kwa Kiswahili amwita mkuu wa wanyang'anyi "mwamba", na kila mfuko wa fedha unapopakiwa juu ya farasi, vijana hupiga makofi.

Jioni moja nilisimama mlangoni mwa banda kama hilo nikimngoja mtoto wa dada yangu ili tuende pamoja kuswali Magharibi. Picha ikaisha, wakatoka wote wakicheka, kila mmoja akiigiza namna mwamba alivyochomoa bastola. Hawajafika hata kwenye kona, ukasikika ukelele: "Mwizi! Mwizi huyo!" Kijana wa miaka kama kumi na saba alikuwa akikimbia baina ya meza za viatu, na ikasemwa kwamba amekwapua simu. Ndugu msomaji, mikono ile ile iliyokuwa ikipiga makofi ndiyo iliyookota mawe. Mtu mmoja akaulizia tairi. Lau si wazee watatu waliomkinga kwa miili yao mpaka askari wakafika, yule kijana angeuawa mbele ya macho yetu. Kama aliiba au hakuiba, mimi sijui hata leo, wala waliompiga hawajui.

Nikatazama mkono wa mpwa wangu. Ulikuwa na jiwe.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu, lakini bila ya aibu: "Mjomba, yule wa kwenye picha ni steringi. Huyu ni mwizi tu."

Jibu hilo limenikalia moyoni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia watu wakisema kwamba sinema za kauboi zinawafunza vijana wizi. Siku ile nilitambua kwamba maneno hayo hayatoshi. Mpwa wangu hakutoka bandani akaiba. Alitoka akataka kuua mwizi. Basi picha ile ilikuwa imemfunza nini? Hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, kwa kuichukua habari ya mnyang'anyi mmoja wa reli na kuipima: vipi ilivyokuwa, na vipi ilivyosimuliwa.

Wakubwa miongoni mwetu wanaikumbuka Dar es Salaam ya majumba ya sinema: Empire, Avalon, Odeon, Empress. Mtoto wa Kariakoo alipopata senti zake alikwenda kumtazama kauboi, na kesho yake mtaa mzima ulisimuliwa. Hapo ndipo tulipojifunza kanuni ya kwamba steringi hafi. Risasi zitaruka, farasi wataanguka, lakini mtu wetu atabaki. Majumba yale yamekwisha zama zake, bali kanuni ile imehamia katika mabanda ya video na katika simu za mkononi. Na ubaya wake ni huu: ikiwa mmoja ameandikiwa kutokufa, basi wengine wote wameandikiwa kufa bila ya kuulizwa majina yao.

Basi na tuulize majina.

Katika wanyang'anyi wa reli wa Marekani hakuna aliyesifiwa kuliko Jesse James. Alizaliwa mwaka 1847 katika jimbo la Missouri. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, na pamoja na mahubiri yake alimiliki watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka, familia hiyo ilikuwa upande uliotaka utumwa ubaki. Mwaka 1864, akiwa na umri wa miaka 16, Jesse alijiunga na wapiganaji wa msituni wa William Anderson, ambaye watu walimpa jina la "Bill wa Damu". Mwezi Septemba wa mwaka huo huo, kundi hilo liliisimamisha treni katika mji wa Centralia, likawateremsha askari zaidi ya 20 wasio na silaha, waliokuwa wakirejea makwao, na likawapiga risasi. Hilo ndilo lilikuwa chuo chake.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, wengine walirudi mashambani. Jesse na kaka yake Frank, pamoja na wenzao wa ukoo wa Younger, waliendelea na bunduki. Mwaka 1869, katika benki ya mji wa Gallatin, alipigwa risasi mtunza fedha John Sheets, kwa kudhaniwa kuwa ni mtu mwingine waliyekuwa na kisasi naye. Tarehe 21 Julai 1873, karibu na Adair katika jimbo la Iowa, waliilegeza reli kwenye kona na kuifunga kamba, na treni ilipokaribia wakaivuta. Injini ikapinduka. Dereva wake, John Rafferty, akafa papo hapo. Walitazamia shehena kubwa ya dhahabu, wakaondoka na dola elfu chache. Mwaka 1876, katika mji wa Northfield, mtunza fedha Joseph Heywood alikataa kuwafungulia sanduku la benki, wakamuua. Nje barabarani aliuawa mhamiaji kutoka Sweden, Nicholas Gustafson. Mwaka 1881 waliipora treni karibu na Winston, wakamuua kondakta William Westfall na abiria mmoja, Frank McMillan.

Nimekutajia majina haya, ndugu msomaji, kwa sababu katika mabanda yetu hayatajwi. Dereva wa treni katika picha ni kofia na masizi. Mtunza fedha ni miwani na kitetemeshi. Wote huanguka, na hadithi huwaruka kama mtu arukavyo dimbwi.

Mwaka 1939 ilitoka Marekani picha iitwayo kwa jina lake, Jesse James, iliyoongozwa na Henry King, naye Tyrone Power akawa ndiye steringi. Ni picha iliyotengenezwa kwa ustadi. Kwa mujibu wa picha hiyo, Jesse alikuwa mkulima mwema. Watu wa kampuni ya reli wakaja kuwalazimisha wakulima wauze mashamba kwa bei ya kutupa, na mama yake akauawa kwa bomu, basi hapo ndipo naye akashika bastola. Mtazamaji gani hatamhurumia?

Lakini sivyo ilivyokuwa. Ni kweli kwamba bomu lilirushwa. Mwezi Januari 1875 wapelelezi wa shirika la Pinkerton waliivamia nyumba ya mama yake usiku, wakarusha ndani kitu cha moto kilicholipuka. Mama alipoteza mkono, na mdogo wao wa miaka minane, Archie, akafa. Huo ulikuwa dhulma, na uadilifu watutaka tuuite hivyo. Ila mama hakufa, na wakati huo Jesse alikuwa tayari na miaka ya unyang'anyi nyuma yake. Rafferty alikuwa ameshazikwa. Picha imeuchukua msiba uliokuja baadaye ikaufanya kuwa sababu ya yaliyotangulia, na utumwa, ambao familia ile iliula na kuupigania, imeuweka kando. Huko ndiko kudanganya kwa kutumia jambo la kweli, na hakuna uongo ulio mgumu kuliko huo.

Wala wa kwanza kuufanya hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa mtu wa kalamu kama sisi. Mwandishi wa gazeti la Kansas City Times, John Newman Edwards, aliyekuwa ofisa wa jeshi la upande ulioshindwa, alihitaji shujaa wa kuwafariji watu wake. Mwaka 1872 watu watatu wenye bastola walipora fedha za kiingilio kwenye maonyesho ya Kansas City, na katika purukushani hiyo mtoto wa kike akajeruhiwa. Edwards aliandika tahariri ya kuwasifu wanyang'anyi hao kwa ushujaa, kana kwamba ni mashujaa wa hadithi za kale. Kutokana na kalamu kama hiyo ndiko ilikoanza habari kwamba Jesse aliwaibia matajiri akawapa maskini. Ushahidi wa maskini aliyepewa haukupatikana. Tarehe 3 Aprili 1882, katika mji wa St. Joseph, Jesse aliuawa nyumbani kwake na mtu wa kundi lake mwenyewe, Robert Ford, aliyempiga risasi kwa nyuma alipokuwa ameigeukia picha ukutani. Alikuwa akiishi kwa jina la uongo, hata watoto wake hawakujua jina lao la kweli. Alimwachia mkewe ufukara, na vyombo vya nyumba vikapigwa mnada. Ikiwa fedha hazikuwafikia maskini wa mbali, na maskini wa ndani ya nyumba yake pia hazikumfaa, basi zilikwenda wapi?

Picha ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Andrew Dominik, ambamo Brad Pitt ndiye Jesse, imeikaribia kweli zaidi. Humo utamwona mtu aliyechoka, anayeogopa kila mlango unaofunguliwa, anayewashuku marafiki na kuwaua. Utamwona pia Robert Ford akiigiza jukwaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio, namna alivyomuua mwenzake. Jambo hilo alilifanya kweli, na mwaka 1892 naye akauawa kwa risasi. Kama mpwa wangu hana budi kutazama, ningependa atazame hiyo. Lakini hata hapo walioumizwa ni vivuli.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: "Na sisi je? Mashujaa wetu nao si waliitwa wezi na mkoloni?" Swali hilo ni la haki, na mfano wake uko hapa hapa Afrika Mashariki, na katika reli vile vile. Reli ya Uganda ilipopita nchi ya Wanandi, wao walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, na Waingereza wakawaandika kuwa ni wezi na wasumbufu. Walipigana tangu mwaka 1895 hadi tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa kwa jina la suluhu. Basi si kila aliyeigusa reli ni mnyang'anyi. Wanandi waliilinda nchi yao, iliyopitiwa bila ya ridhaa yao. Jesse James alipigania kumiliki watu, kisha akapigania mfuko wake. Jina la "mwasi" haliwezi kuwafunika wote wawili. Ndiyo maana nasema tusipime kwa bastola wala kwa farasi. Tupime kwa kuuliza: nani aliumizwa, na kwa haki gani?

Na sisi hatuhitaji kwenda Marekani kuitafuta treni. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na watoto wa Kariakoo wamekua wakiisikia honi yake. Kwetu treni si sanduku la dhahabu la tajiri. Ni shangazi anayetoka Tabora na asali yake, ni mchuuzi aliyeshona mtaji wake ndani ya pindo la kanga. Anayeipindua treni hiyo humpindua huyo.

Nchi jirani ya Kenya imetupa mfano wa mnyang'anyi aliyeishika kalamu mwenyewe. John Kiriamiti alihukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20 kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Akiwa gerezani aliandika habari za maisha yake akizivika vazi la riwaya, na kitabu chake, My Life in Crime, kikatoka mwaka 1984, mwaka ambao naye aliachiwa. Kilisomwa mno, hasa na vijana, na waliokilaumu walisema kinayapendezesha maovu. Lawama hiyo ina ukweli: mwendo wake ni wa haraka na wa kusisimua, na msomaji hujikuta akimwombea jambazi apate kutoroka. Lakini mwaka 1989 mwandishi huyo huyo alitoa kitabu cha pili, My Life with a Criminal, ambamo anayesema ni Milly, mwanamke aliyempenda mtu bila ya kujua kazi yake. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitabu chenye uzito zaidi katika mizani ya maadili. Sauti imepewa aliyedanganywa. Unyang'anyi ule ule, ukitazamwa kutoka jikoni kwa mwanamke anayesubiri, hauna tena kishindo cha kusisimua. Una usingizi uliopotea na mlango unaogongwa usiku. Kumbe mwandishi anaweza, akitaka, kuugeuza uso wa hadithi ukamwelekea aliyeumizwa.

Nasi Waislamu, ndugu msomaji, tumerithi hadithi ya mkata njia ambayo hakuna banda linaloionyesha. Inasimuliwa kwamba Fudhayl bin Iyadh alikuwa akiwavizia wasafiri wa Khurasani, baina ya Abiward na Sarakhs. Usiku mmoja alikuwa akiparamia ukuta kumwendea mwanamke, akasikia msomaji akisoma aya ya 16 ya Suratul Hadid, inayowauliza walioamini kama bado haujafika wakati wa nyoyo zao kunyenyekea. Akasema moyoni kwamba umefika, akashuka. Alipojibanza katika gofu akawasikia wasafiri wakiambizana wasiondoke mpaka kuche, kwa kuwa Fudhayl yuko njiani. Akalia kwa kuona kwamba yeye ndiye hofu ya watu. Akatubia, akawa mwanachuoni na mcha Mungu mkubwa, na alifariki Makka mwaka 187 Hijria.

Tazama mahali hadithi hiyo ilipoweka uzito wake. Haikuuweka kwenye upanga wala kwenye farasi. Iliuweka katika sauti za wasafiri. Mnyang'anyi alibadilika siku aliyowasikia watu aliowatisha. Picha za kauboi hufanya kinyume: huwanyamazisha wasafiri ili tusimsikie mwingine ila yeye.

Na kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike. Sheria yetu ni kali juu ya wanaokata njia na kueneza ufisadi, kama ilivyo katika aya ya 33 ya Suratul Maida. Lakini aya inayofuata humfungulia mlango yule anayetubia kabla ya kukamatwa, na wanavyuoni wakabainisha kwamba haki za watu alizozichukua hubaki juu yake mpaka azirejeshe. Hukumu yenyewe ni ya kadhi, kwa ushahidi na kwa kumsikiliza mtuhumiwa. Hakuna mahali palipoandikwa hukumu ya wapita njia, wala ya tairi. Basi fikiri: lau Fudhayl angeshuka kutoka ukutani ule hapa kwetu Mchikichini, akaonekana na watoto waliotoka bandani, angepata wapi nafasi ya kuisikia aya? Angekuwa majivu kabla ya alfajiri.

Sasa nalielewa jibu la mpwa wangu. Picha haikumfunza wizi. Ilimfunza kwamba duniani kuna watu wa aina mbili: steringi, ambaye kila alitendalo ni halali yake, na wengine, ambao maisha yao hayana bei. Aliyefunzwa hivyo atampigia makofi mnyang'anyi mkubwa wa kwenye kioo, kisha atamrushia jiwe mtuhumiwa mdogo wa barabarani, wala hataona kwamba amejipinga mwenyewe. Makofi yale na jiwe lile ni tunda la mti mmoja. Katika yote mawili, hakuuliza jina la mtu.

Sisemi mabanda yafungwe. Tukiyafunga, simu ziko mifukoni. Nasema wazazi na walimu wa madrasa tuzungumze na vijana juu ya wanayoyatazama, tena tuzungumze kama watu waliotazama, si kama waliosikia tu. Mwulize kijana: yule aliyekuwa akiiendesha treni aliitwa nani? Alikuwa na watoto? Fedha zile zilikuwa za nani? Na wasimulizi wetu wanaozigeuza picha kwa Kiswahili, ambao wana kipaji kikubwa na masikio ya taifa zima, wangefanya jema kubwa kama wangemtaja aliyekufa pia, japo kwa neno moja.

Usiku ule, baada ya swala, nilimsimulia mpwa wangu habari za John Rafferty, dereva wa treni ya Adair. Alisikiliza kimya. Kisha akaniuliza: "Mjomba, kwani yule kijana wa leo anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda kituoni pamoja kuuliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona walioanguka, na atuepushe na mikono inayopiga makofi kabla ya kujua, na inayorusha mawe kabla ya kuuliza. Amin.